MAARIFA YA NYUMBANI: Wi-Fi Ikizorota, Ichunguzeni Njia Kabla ya Kumlaumu Mtu



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya mgeni aliyeingia majumbani mwetu na sasa amekuwa mwenyeji, naye ni intaneti isiyo na waya, iitwayo Wi-Fi. Huku kwetu Sindeni, baina ya Handeni na Korogwe, si ajabu tena kuiona ruta imekaa juu ya kabati, mahali ilipokuwa ikikaa redio ya betri. Kwa kidude hicho mtoto hupata masomo yake, mama huuliza bei ya mahindi Korogwe, na wazee huonana uso kwa uso na kijana wao aliyeko Maskati. Basi kikizorota, nyumba nzima hutaabika. Na aghalabu taabu ya kwanza huwa ni ya maneno: baba humgombeza mtoto, mtoto huilaumu kampuni, na mama humshuku jirani.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba jambo hili lina utaratibu wake. Aufuataye huijua ila ilipo, tena bila ya kutoa hata senti. Asiyeufuata hununua vitu asivyovihitaji, na huenda akavunja ujirani wa miaka mingi kwa sababu ya ila iliyokuwa chumbani mwake mwenyewe.

NJIA INA VIPANDE VINNE

Mtu wa Sindeni asafiriye kwenda Tanga hutembea kwanza kwa miguu kutoka nyumbani mpaka kituoni. Kisha hupanda gari la Korogwe, na toka hapo hushika barabara kuu kupitia Segera na Muheza. Akichelewa kufika, hatuwezi kusema "gari ni bovu" kabla ya kuuliza alikwama wapi. Pengine alikawia nyumbani akitafuta viatu.

Habari za intaneti nazo husafiri hivyo hivyo. Kipande cha kwanza ni kutoka simu yako mpaka kwenye ruta. Hiki peke yake ndicho kiitwacho Wi-Fi. Kipande cha pili, kwa nyumba nyingi za huku kwetu, ni kutoka kwenye ruta mpaka mnara wa simu, kwa kuwa ruta zetu hutumia laini ya simu. Kipande cha tatu ni kutoka mnarani mpaka mijini, katika nyaya za nchi kavu, ambazo kubwa yake ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Na kipande cha nne ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ziunganishazo nchi yetu na ulimwengu.

Nyaya za baharini si jambo geni katika pwani yetu. Tangu mwaka 1879 Unguja iliungwa na Adeni kwa waya wa simu za maandishi. Nyaya za siku hizi, zipitishazo mwanga ndani ya nyuzi za kioo, zilianza kufika kwetu mwaka 2009 kwa waya wa SEACOM, na mwaka 2010 ukaja waya wa EASSy. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya hizo mbili ziliharibika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi nyingi jirani. Siku hiyo mtu angeizima na kuiwasha ruta yake mara kumi, au angeihamisha toka chumba hata chumba, asingepata faida yo yote. Hii ndiyo sababu yapasa kwanza kukijua kipande chenye ila, ndipo mkono uguse kitu.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Swali la kwanza: Je, ni chombo kimoja kinachosumbua, au ni vyote? Ikiwa simu ya baba haipati kitu lakini ya mama yapata, ruta haina kosa. Izimeni simu hiyo na kuiwasha. Ikikataa, ingieni mahali pa kupangia Wi-Fi, mwiambie iusahau mtandao wa nyumbani, kisha muutie upya pamoja na neno lake la siri. Tazameni pia tarehe na saa za simu. Simu yenye tarehe isiyo ya kweli hukataliwa na sehemu nyingi za intaneti, kwa kuwa hati za usalama hupimwa kwa tarehe.

Swali la pili: Je, ukisimama hatua moja tu karibu na ruta, mambo huwa mema? Simama hapo, upime mwendo kwa programu ya kupimia, nazo ziko za bure. Kisha nenda chumba cha mwisho upime tena. Ikiwa karibu ni mbio na mbali ni pole pole, ila iko katika kipande cha kwanza, yaani ndani ya nyumba, na dawa yake mnayo wenyewe. Lakini ikiwa hata karibu ni pole pole, msiisumbue Wi-Fi. Ila iko mbele yake.

Swali la tatu: Je, bando lipo? Wengi huliacha swali hili mwisho, ilhali lingefaa kuulizwa mapema. Tena ziko bando ambazo hazikatiki zikifikia kipimo chake, bali mwendo wake hupunguzwa mpaka mwezi ufike mwisho. Mwenye nyumba huona taa zote za ruta zinawaka, akadhani imeharibika, kumbe ni sharti la mkataba lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Swali la nne: Je, majirani wana hali gani? Muulize atumiaye kampuni hiyo hiyo, kisha muulize atumiaye kampuni nyingine. Ikiwa wa kampuni yako wote wanalia, mnara au kampuni ina shida. Ikiwa wa kampuni zote wanalia, huenda njia kuu imekatika, tulia, usubiri.

Fanyeni jambo moja kwa wakati mmoja, na kila jambo lipimwe mara tatu na kuandikwa katika karatasi. Mtu akiihamisha ruta, akabadili neno la siri na kununua bando jipya kwa saa moja, kisha mambo yakatengenea, hatajua lipi lililomponya. Na ila ikirudi ataanza upya.

KUZIMA NA KUWASHA

Watu hucheka wakiambiwa "zima, kisha washa," lakini shauri hilo lina maana. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikaa muda mrefu bila ya kupumzika, kumbukumbu yake hujaa, na pengine hubaki imeshikamana na mnara ambao hali yake imekuwa mbaya. Ukiichomoa katika umeme, ukahesabu nusu dakika, kisha ukairudisha, husahau yaliyokwama na kuutafuta mnara upya. Ingojeni dakika mbili au tatu kabla ya kupima.

Lakini jihadharini na kitundu kidogo kilicho nyuma yake, ambacho hubonyezwa kwa sindano au kijiti. Hicho si cha kuzimia. Kazi yake ni kuirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na kila mlichokipanga hufutika, hata neno la siri. Waonyeni watoto wasikichezee.

MAHALI PA KUIWEKA RUTA

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, nayo yana tabia zake. Kwanza, hupungua nguvu kwa haraka kadiri uendavyo mbali: ukiuzidisha umbali mara mbili katika mahali peupe, nguvu hubaki robo tu. Pili, kuta huyadhoofisha. Ukuta wa mbao huyapunguza kidogo, wa matofali ya kuchoma zaidi, na wa zege zaidi tena. Bati huyarudisha nyuma, kama kioo kinavyorudisha nuru ya taa. Maji nayo huyameza. Kwa hiyo ruta iliyowekwa sakafuni, au ndani ya kabati la vyombo, au nyuma ya televisheni, au ubavuni mwa tangi la maji na jokofu, ni kama taa iliyofunikwa kwa sufuria. Msiulaumu mwanga wake.

Nyumba zetu nyingi zina ukumbi wa katikati na vyumba huku na huku. Kwa kipande cha kwanza, mahali pazuri ni katika ukumbi huo, juu ya kimo cha mtu, pasipo kitu cha kuizinga. Kuiweka katika chumba cha pembeni ni kuwapa mbuzi wa uani nusu ya mawimbi yenu.

Hapa, hata hivyo, pana mashauri mawili yapinganayo. Ruta ya laini ya simu yataka pia kuuona mnara, na mnara huonekana vizuri zaidi dirishani kuliko ukumbini. Tushike lipi? Tuanze na mnara, kwa kuwa kisichoingia nyumbani hakiwezi kugawanywa. Ichukueni ruta dirisha hata dirisha, mkae nayo dakika tano kila mahali, na mpime. Ruta nyingi huonyesha nguvu ya mnara kwa tarakimu zenye alama ya kutoa. Zisomeni kama madeni: mwenye kutoa 85 ana hali njema kuliko mwenye kutoa 110. Dirisha lenye wavu wa chuma halifai kama lile lililo wazi. Mkilipata dirisha jema, wekeni ruta hapo, lakini isipigwe na jua la mchana.

Na hapa nina neno na akina mama zetu. Kile kitambaa cha kufuma kinachofunika redio na televisheni kwa ajili ya vumbi, kisiifunike ruta. Matundu yake ni ya kutolea joto. Chini ya bati, wakati wa jua kali, ruta iliyofunikwa hupata joto mpaka ikapunguza mwendo, au ikajizima yenyewe.

MASAFA MAWILI NA KAZI ZAKE

Ruta nyingi za siku hizi hutoa Wi-Fi katika masafa mawili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini mwendo wake ni mdogo. Ya 5 ni ya mbio, lakini huchoka upesi ikutanapo na kuta. Basi aliye karibu na ruta atumie ya 5, na aliye chumba cha mwisho atumie ya 2.4.

Masafa ya 2.4 yana msongamano, kwa sababu hutumiwa na vyombo vingi, na hata jiko la maikrowevu hufanya kazi yake karibu na hapo hapo. Yamegawanywa katika mikondo, na mikondo isiyoingiliana ni wa 1, wa 6 na wa 11. Huku kijijini, ambako nyumba zimeachana, jambo hili si zito. Lakini ndugu zetu waliopanga vyumba mjini Korogwe, ukuta kwa ukuta, wakiona Wi-Fi yazorota usiku tu, watazame majirani wametumia mkondo upi, kisha wachague mwingine katika hiyo mitatu.

Msikimbilie kununua kile kidude cha kuongeza mawimbi. Vingi vya bei ndogo hupokea na kutuma kwa redio ile ile moja, na kwa hivyo mwendo hupungua karibu nusu. Tena watu hukiweka katika chumba kisichofikiwa na mawimbi, mahali ambapo hakina cha kukiongeza. Mahali pake ni katikati ya njia. Kwa nyumba yenye banda la uani, au darasa lililo mbali kidogo, waya wa mtandao ni bora. Huweza kwenda mpaka mita 100 bila ya kupoteza kitu, nao humaliza mashaka yote ya kuta.

UMEME NA RADI

Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini nyingine ni za volti 9 au 5. Adapta ikiharibika, msichukue yo yote inayoingia katika tundu. Someni kibandiko kilichoko chini ya ruta, mnunue yenye volti hizo hizo. Adapta yenye volti kubwa kupita kiasi huweza kuiunguza ruta kwa mara moja. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, betri ndogo ya ruta ni msaada mkubwa.

Katika masika na vuli, ngurumo zikianza kukaribia, chomoeni ruta katika umeme. Wenye antena juu ya mlingoti wawe waangalifu zaidi, na mlingoti uwe na waya wa kuishushia radi ardhini. Intaneti ya saa moja haina thamani ya kuunguza vyombo vya nyumba nzima.

NANI AMEKULA BANDO?

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike mwezi huu. Nyumba moja niijuayo ilinunua bando la mwezi mzima, likaisha kabla ya wiki ya pili. Kijana wa jirani alikuwa na mazoea ya kuketi barazani pao jioni, simu mkononi. Wakamshuku. Hawakumwambia kitu, lakini salamu zikapungua, na mtoto aliyekuwa akitumwa kwenda kuomba chumvi hakutumwa tena. Waliponiuliza, tuliifungua orodha ya ruta, ambayo huonyesha kila chombo kilichoungwa. Simu ya kijana yule haikuwamo. Vilivyokuwamo ni simu zao wenyewe nne na televisheni moja. Kila usiku simu hizo, kwa kuiona Wi-Fi, zilikuwa zikipakua programu mpya na kuzipeleka picha na video zote katika hifadhi ya intaneti. Nayo televisheni iliachwa ikicheza video mpaka alfajiri, watu wamelala.

Hesabu yake si ngumu. Bando hupimwa kwa gigabaiti, na mwendo hupimwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Chombo kinachovuta megabiti 8 kwa sekunde humaliza gigabaiti moja kwa muda usiozidi dakika 17. Basi televisheni moja yatosha kumaliza bando la watu wanane. Dawa ni kuzuia programu zisijipakue zenyewe, kuzima uhifadhi wa picha wa kila usiku, na kuichagulia video ubora mdogo. Mazungumzo ya uso kwa uso na kijana aliyeko Maskati hayahitaji zaidi ya megabiti moja au mbili.

Wale wa nyumba ile walikwenda wenyewe kwa jirani siku ya pili, wakamweleza wazi walivyodhani na walivyoona. Lilikuwa jambo zito kulitamka, lakini jirani alilipokea kwa wema, na mtoto akatumwa tena kuomba chumvi. Si kila nyumba hupata mwisho kama huo. Kwa hiyo nasema: orodha ya ruta itazamwe kwanza, ndipo shaka iruhusiwe kuingia moyoni.

Na mtu akikutwa kweli anatumia bila ya ruhusa, hapana haja ya ugomvi. Badilini neno la siri, liwe refu, wala lisiwe jina la mtoto au tarakimu za simu. Katika mipango ya usalama chagueni WPA2, iliyotoka mwaka 2004, au WPA3 ya mwaka 2018, ikiwa ruta yenu inayo. Ule utaratibu wa kale uitwao WEP ulikwisha kuvunjwa mwaka 2001, wala haulindi kitu. Badilini pia neno la siri la kuingilia katika mipango ya ruta yenyewe, ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Na mkipenda kumkirimu jirani, ruta nyingi huweza kufungua mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Hivyo mtampa kwa ridhaa na kwa kipimo, naye atatumia bila ya haya.

MKIISHIWA NA DAWA

Mkiona ila iko mnarani au kwa kampuni, pigeni simu ya huduma ya kampuni hiyo, mkiwa na ile karatasi yenu mkononi: tarehe, saa, mwendo uliopimwa hatua moja karibu na ruta, na tarakimu za nguvu ya mnara. Mlalamikaji asemaye "intaneti yenu mbaya" hujibiwa "zima, washa." Mwenye karatasi husikilizwa. Ombeni namba ya malalamiko, mwiandike. Wasipowatendea haki, iko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji waliokwisha kuyafikisha kwanza kwa kampuni zao.

Kwa wasomaji wapendao muhtasari, ni huu: Chombo kimoja au vyote? Karibu na ruta kukoje? Bando lipo? Majirani wana hali gani? Kateni maneno haya, myabandike ndani ya mlango wa kabati, ili siku intaneti itakapozorota, mikono yote nyumbani iyatafute hayo kabla ulimi haujamtafuta mtu.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya betri za nguvu za jua na namna ya kuzitunza zisife mapema. Wenye maswali waandike.

Wassalaam.